Vidonge Vitatu Visivyopitisha Umeme

Kidonge cha kwanza kilichopitisha umeme nilikitengeneza katika wiki ambayo mabomba ya Misiera, kijiji chetu ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, yalikuwa makavu. Pampu ilikuwa imeharibika, na watu walipanga vidumu foleni tangu alfajiri kungoja lori la maji ambalo siku nyingine lilikuja na siku nyingine halikuja. Naliandika jambo hili mwanzoni kwa sababu wakati ule sikuliandika popote. Katika daftari langu siku ile ina mistari kumi na minne: uzito wa kila kitu, joto la mchanganyiko kila baada ya dakika kumi, idadi ya matone kwa dakika, rangi ilivyobadilika. Kuhusu maji hakuna hata neno moja.

Mimi ni fundi wa redio na taa za sola. Nilitoka Kivu ya Kusini, Kongo, nikiwa nimefika mwaka wa nne wa sekondari, na shule yangu iliishia hapo. Vyeti nilivyokuwa navyo vilibaki katika nyumba ambayo haipo tena. Kemia nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu viwili vya Kifaransa nilivyovinunua kwa mtu aliyekuwa anavitumia kufungia karanga, na baadaye kwa simu, kipande kwa kipande, kadiri mtandao ulivyoruhusu. Mtu anayejifundisha hivyo huwa na mashimo asiyojua yako wapi. Aliyekaa darasani ameyasikia hata mambo ambayo hakuyaelewa. Mimi ninajua nilichokisoma tu, na nilichokisoma nilikielewa peke yangu, vizuri au vibaya, bila mtu wa kuniambia ni kipi.

Polima ni kitu ambacho kila mtu hapa anakijua hata kama halijui jina lake. Kidumu cha njano ni polima, turubai ni polima, ngozi ya waya ni polima. Ni molekuli ndogo zilizoshikana mikono zikawa mnyororo mrefu. Katika waya kazi yake ni kuzuia umeme usimfikie mtu, na ndiyo maana niliposoma mara ya kwanza kwamba ziko polima zinazopitisha umeme, nilidhani mchapaji amekosea. Niliisoma sentensi ile siku tatu. Halafu nikaanza kutafuta namna ya kutengeneza polima ya aina hiyo iliyo rahisi kuliko zote, ile inayotokana na anilini, kimiminika cha viwanda vya rangi, ambayo haidai tanuri wala mashine. Inahitaji anilini yenyewe, asidi, chumvi moja ya kuanzisha mmenyuko, na subira. Nilidhani subira ninayo.

Mwalimu mmoja wa chuo nilimjua kwa ajili ya taa. Alikuja Nakivale na wanafunzi wake kutoka chuo kimoja cha Mbarara kuhesabu taa za sola zilizokufa na kujua zimekufa kwa ugonjwa gani. Alikaa kwenye kibanda changu siku nzima. Mchana aliona daftari, akalifungua bila kuomba, akasoma kurasa nyingi akiwa amesimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, maana baba yake alikuwa askari, na mimi Kiingereza changu ni cha kusoma tu, hakitoki mdomoni, kwa hiyo tulikutana hapo.

"Ssebo," aliniita bwana kwa lugha ya kwao, "nani alifundisha wewe hii?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu? Banange." Akageuza ukurasa. "Na hii jeki ya gari ni ya nini?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimemwomba mchomeleaji wa hapa Misiera anitengenezee fremu ya chuma, na ndani yake naweka jeki ya lori. Unga unawekwa kwenye tundu la chuma, jeki inaubana, unatoka ukiwa kidonge kigumu cha ukubwa wa kifungo cha koti. Kidonge ndicho kinachopimwa. Alicheka, ila hakuwa ananicheka mimi.

Miezi michache baadaye alinipigia simu. Maabara yao ilikuwa inatafuta msaidizi: mtu wa kuandaa vifaa, kuchanganya dawa za wanafunzi, kutunza mizani. Tangazo lilidai cheti. Yeye alikuwa ameongea na kamati, na kamati ilikubali jambo moja: kama nitaleta vidonge vitatu vilivyotengenezwa kwa njia moja, vikitoa jibu moja kwenye mita, pamoja na njia hiyo ikiwa imeandikwa kwenye ukurasa mmoja, wataangalia kazi badala ya cheti. Ukurasa utumwe wiki moja kabla. Vidonge viletwe siku ya kikao, Alhamisi, saa tano kamili. Nilikuwa na wiki saba.

Naomba msomaji aelewe nafasi ile ilikuwa nini kwangu. Nina miaka arobaini na nane. Hakuna mlango mwingine ambao ungefunguka kwa mtu kama mimi kuingia mahali ambapo kuna mizani ya kweli, na mtu wa kumuuliza swali.

Wakati huo nilikuwa na kidonge kimoja kizuri, kile cha wiki ya mabomba makavu. Nilikuwa nimeshatengeneza vingine vitano kabla yake, vyote vibaya: ukivigusisha ncha za mita, mita inakaa kimya kama umeigusisha kwenye ubao. Kile kimoja kiliipeleka mita hadi makumi ya ohm. Nilikipima mara ishirini siku ile kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Halafu nikafanya kile ambacho mtu makini hufanya: nilijiuliza siku ile ilitofautiana vipi na zile nyingine. Na jibu lilikuwa wazi, limeandikwa kwenye daftari kwa wino wa bluu. Siku ile kwa mara ya kwanza nilitumia barafu.

Jibu lilikuwa na akili. Vitabu vinasema baridi inaifanya minyororo ikue mirefu na iliyonyooka, na joto linaifanya iwe mifupi na yenye matawi. Nilikuwa na sababu, nilikuwa na kitabu cha kuiunga mkono, na nilikuwa na kidonge. Basi nikaanza kufukuza baridi.

Barafu ilipatikana kwa mama mmoja mwenye duka karibu na Base Camp, kwenye ofisi za kambi, Mkongo mwenzetu, aliyekuwa na friji ya sola ya kuuzia soda. Alikuwa anagandisha maji kwenye mifuko midogo. Mara ya kwanza aliniuzia bila kuuliza. Mara ya nne alikuwa na wateja, na alisimama mlangoni kunitangaza.

"Muzee wa barafu anakuya! Batu bote banakuyaka hapa kunywa kitu ya baridi, yeye anabebaka baridi yenyewe anaenda nayo."

"Ni ya kazi, mama."

"Kazi gani yenye inaogopaka jua? Ama kwako kuko maiti?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ni kweli nilikuwa naifunga mifuko ile kwenye blanketi na kuikumbatia njia nzima kama mgonjwa.

Mmenyuko wenyewe ni kitu kizuri kukiangalia. Anilini iliyoyeyushwa kwenye asidi ya betri iko katikati ya barafu. Unadondosha chumvi ile tone kwa tone. Kwa muda hakuna kitu. Halafu maji yanapata rangi ya samawati kidogo, kama yamesuuziwa nguo mpya, na ukikaa nayo rangi inazidi, inageuka, na ghafla chombo chote kinakuwa kijani kizito, na chini yanaanza kukaa matope. Matope hayo ndiyo polima. Unayachuja kwa kitambaa, unayaosha, unayakausha, unayabana.

Kuosha nilikuwa nakujua kuliko vyote. Kwetu mihogo ni michungu, na uchungu wake ni sumu. Inalowekwa siku kadhaa, inaoshwa, inaanikwa, ndipo inasagwa. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mwaka ambao watu walikimbia, waliporudi wakakuta hakuna kilichobaki shambani isipokuwa mihogo, na njaa haikungoja siku za kuloweka. Mama yangu mdogo aliamka asubuhi moja magoti yake yamekakamaa, hakutembea tena bila fimbo. Tangu hapo mama alikuwa anaosha mihogo mpaka maji ya mwisho yafanane na maji ya kwanza, akiyanusa, akiyaonja kwa ncha ya ulimi, na yakishafanana anaosha tena mara moja zaidi. Hiyo ya mwisho aliiita ya Mungu. Sisi watoto wote tulijua kuosha namna hiyo. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno.

Kwa hiyo matope yangu ya kijani niliyaosha hivyo. Sikuyaonja, kwa sababu anilini ni sumu mbaya zaidi, lakini nilikuwa na karatasi za kupimia asidi, na niliosha mpaka karatasi isione asidi yoyote. Halafu nikaongeza mara moja. Nilipotengeneza kidonge cha kwanza cha barafu baada ya wiki ile, mabomba yalikuwa yamerudi, na kidonge hicho kilitoka kimekufa. Cha pili kilikufa. Nilisema labda matone yalikwenda haraka, nikayapunguza. Kilikufa. Labda nilikichuja mapema, nikakiacha saa nyingi zaidi. Kilikufa. Nilikuwa nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama inavyotakiwa, na kukiandika. Na kwa kuwa kila kilichokufa kilinifanya nishuku uchafu, kila mara niliosha zaidi ya mara iliyotangulia.

Mke wangu alivumilia barafu. Maji hakuyavumilia, na kidumu yeye hukiita bidon.

"Sasa weye, bidon tatu kwa iyi matope? Hata batoto yako sikubaoshaka hivi."

"Bado ina asidi."

"Ina asidi, ina asidi. Na siye jioni tutapika na nini? Na asidi?"

"Kesho nitachota mimi."

"Utachota. Na mugongo ile? Juzi ulichota bidon moja ukalala siku mbili." Aliyaangalia matope kwenye kitambaa. "Haya ile siku ya barafu ya kwanza, ilikubali. Sasa inakataa ju ya nini?"

"Ndiyo natafuta."

"Tafuta mbio. Ile Alhamisi haitakungojea."

Katika wiki ya tano anilini ilikaribia kuisha, nikaenda Mbarara. Muuzaji alikuwa Mwislamu mmoja mwenye duka la dawa za kutengenezea sabuni na vifaa vya maabara za shule. Alinijua.

"Karibu, profesa wa kambi! Umekuja kunimalizia stoku?"

"Ile chupa ndogo, Haji. Kama ipo."

Alipanda ngazi, akaitoa juu kabisa, akaifuta vumbi kwa shati. Ndani ilikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Anilini safi haina rangi.

"Ndugu yangu, sikudanganyi. Hii imekaa hapa tangu binti yangu wa kwanza anatambaa, na leo yuko sekondari. Shule zinaiogopa. Mwenye kuniletea ameacha. Hii ikiisha imeisha, wallahi."

Nilirudi nayo Nakivale nikiwa nimeipakata. Kwenye daftari niliandika: anilini ya zamani, rangi kahawia, mshukiwa. Nikawa na mshukiwa mpya, na kwa wiki moja nilikuwa na furaha, kwa sababu mshukiwa ni kitu cha kushika. Nilitengeneza kidonge kwa chupa hii na kingine kwa mabaki ya chupa ya kwanza, siku moja, barafu moja. Vyote vilikufa sawasawa. Nikamfuta mshukiwa.

Siku ya kutuma ukurasa ilifika. Niliandika njia kwa usafi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, mistari ishirini na miwili, nikaupiga picha nikautuma kwa simu. Mstari wa kumi na tisa unasema: osha kwa maji mengi safi mpaka karatasi isionyeshe asidi, kisha osha tena mara moja. Niliuandika bila kufikiri, kama mtu anavyoandika kwamba mkono uwe safi.

Kwa anilini iliyobaki nilitengeneza vidonge vitatu vya mwisho, nikifuata ukurasa ule neno kwa neno. Vyote vilikufa. Nilikwenda Mbarara Alhamisi ile nikiwa na kisanduku cha bati chenye pamba, ndani yake vidonge vinne: vitatu nilivyojua havipitishi umeme, na kile kimoja kilichopitisha. Kwa macho vyote vilikuwa vyeusi. Mtu anaweza kuuliza kwa nini nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu kikao kilikuwa saa tano, na nilifika saa tatu, na katikati yake kulikuwa na saa mbili ambazo mwalimu angeweza kuona nisichokiona.

Alivipima mwenyewe kwa mashine yenye sindano nne. Kile cha kwanza kilikuwa bado kinapitisha, ingawa kimepungua. Vile vitatu vilikuwa kimya. Alivipeleka dirishani, akakwaruza pembeni kwa wembe, akautandaza unga kidogo kwenye karatasi nyeupe. Hapo niliona kitu ambacho katika kibanda changu, chini ya turubai, sikuwahi kukiona. Unga wa kidonge kizuri ulikuwa kijani. Wa vile vitatu ulikuwa bluu.

"Wewe naosha na nini?" aliuliza.

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba. Mengi. Mpaka asidi inaisha."

Aliniangalia. "Mpaka naisha?"

"Kabisa. Na mara moja zaidi."

Niliyokuwa nakunywa njiani yalikuwa maji ya bomba letu, na chupa ilikuwa mezani. Aliichukua, akachovya karatasi. Karatasi ikaenda upande wa bluu: maji yale yanakula asidi. Halafu akachukua kitone kimoja cha asidi iliyopunguzwa, akakiangusha juu ya unga wa bluu. Ulibadilika mbele yetu, polepole, kuanzia katikati kwenda nje, mpaka ukawa kijani kama ule mwingine. Alipoukausha na kuugusisha sindano, mashine ikaanza kusoma.

"Ssebo," alisema taratibu, "hii asidi si uchafu. Hii asidi ndiyo nafanya umeme natembea. Wewe natoa asidi, mnyororo nabaki, lakini umeme hapana pita. Watu naosha hii kitu na asidi kidogo. Hapana maji."

Nilikuwa nimelisoma jambo hilo. Hili ndilo siwezi kujieleza vizuri. Katika kitabu changu kuna sentensi inayosema kwamba asidi hushikamana na mnyororo na kuufanya upitishe, na chini yake kuna mstari wangu wa kalamu ya risasi. Lakini nilikuwa nimeielewa kama habari ya mwanzo: kwamba asidi inafanya kazi yake chunguni, na kazi ikiisha inatoka, kama maji ya kulowekea. Hakuna aliyeniambia kwamba inatakiwa ibaki. Nisingeweza kuuliza, kwa kuwa sikujua kwamba kuna swali.

Na kile kidonge kizuri kilikuwa kizuri kwa sababu wiki ile hatukuwa na maji. Nilikisuuza kwa kikombe kimoja na nusu, nikaona aibu kumwaga zaidi wakati watu wako foleni, nikaacha. Barafu ilisaidia kidogo, mwalimu alisema, minyororo yangu ilikuwa mizuri. Yote niliyoyaandika kwenye daftari yalikuwa sahihi. Kilichoharibu kilikuwa kile nilichokiona si sehemu ya kazi.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Tulijaribu. Aliviweka vidonge vyote vitatu kwenye asidi. Kimoja kilipasuka vipande. Viwili vilirudi kuwa kijani juu, ndani bado bluu, na mashine ikatoa majibu mawili yasiyofanana.

"Mwalimu," nilisema, "nibadilishe mstari mmoja tu. Wa kumi na tisa."

"Paper iko na wao tangu wiki jana. Kila mtu ana yake."

"Ni mstari mmoja."

"Najua, muzee. Mimi nitasema." Hakuwahi kuniita muzee kabla ya hapo.

Aliingia kikaoni na kisanduku changu. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, karibu na kizima moto, nikasoma maandishi yake yote. Alikaa ndani muda mfupi kuliko nilivyotazamia. Alipotoka alikaa kando yangu kwanza, halafu ndipo akasema.

"Nilieleza wao. Mmoja naelewa kabisa, nasema hii ni kosa ya mtu mwenye akili. Lakini mwingine nashika paper yako, nasema: mtu nafuata hii, napata kitu kimekufa. Na hiyo ni kweli, ssebo. Mimi hapana weza kataa."

"Wiki mbili tu. Nirudie."

"Nafasi nafungwa leo. Kuna msichana ana diploma. Wao nachukua yeye." Akanirudishia kisanduku. "Bambi, pole. Pole sana."

Nilimwuliza kama msichana huyo ni mzuri. Alisema ni mzuri. Nilishukuru, kwa sababu ingekuwa vibaya zaidi kama angesema sivyo.

Nilipita kwa muuzaji kabla ya kurudi, ingawa nilijua. Alifungua mikono yake kabla sijasema neno. "Profesa, nilikuambia. Hata Kampala nilipiga simu." Nilinunua waya wa risasi wa kuchomelea, kwa kuwa sikutaka kutoka mikono mitupu, nikaenda kutafuta gari la Isingiro la kunirudisha kambini.

Mke wangu alikuwa anapepeta maharage. Hakuniuliza, alisogea tu nikae. Baadaye nilimweleza kuhusu asidi na maji, na kikombe kimoja na nusu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ingekuwa muzuri tukose maji tena," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa naomba Mungu kila siku bomba isikauke." Hakucheka. Aliendelea kupepeta.

Ile jeki niliiuza kwa fundi wa pikipiki wa Rugaaga. Mke wangu alisema nisiiuze, labda dawa itapatikana. Nilimwambia hata ikipatikana, nani atakuwa anapima. Kujua kwamba nilikuwa nimebakiza hatua moja hakukunifariji kama watu wanavyodhani. Nilipokuwa mbali sana nilikuwa na mahali pa kwenda. Sasa najua jibu, na halina matumizi kwangu. Taa zinaendelea kuharibika, redio zinakuja na mende ndani, nazifungua, nazifunga. Siku nyingine natengeneza kitu kwa saa nzima bila kukumbuka nimefanyaje, jambo ambalo zamani halikuwahi kunitokea. Daftari nimeacha kuandika. Sikuamua kuacha. Siku moja niligundua kwamba wiki tatu zimepita.

Baada ya msimu mmoja wa mvua mwalimu alinitumia ujumbe. Msichana wa diploma ametengeneza vidonge vitatu kwa ukurasa wangu, kwa anilini mpya iliyoagizwa kutoka nje, na mstari wa kumi na tisa umerekebishwa: osha kwa asidi hafifu, si kwa maji. Vyote vitatu vimepitisha, na jibu ni moja. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanautumia ukurasa huo sasa, umebandikwa ukutani. Aliambatanisha picha. Walikuwa wameupiga chapa, lakini maneno yalikuwa yangu, yametiwa Kiingereza, hatua zile zile, barafu, matone, saa za kungoja. Hapakuwa na jina la mtu, na haikuwa lazima liwepo. Karatasi za ukutani hazina majina.

Niliikuza picha ile kwa vidole, nikausoma ukurasa mstari kwa mstari, kwa Kiingereza changu cha kusoma tu, nikitafuta kosa. Niliusoma mara ya pili, polepole zaidi. Sikulipata.